Maswali ya Theluji: Usiuegemee Mlima

Safu hii hujibiwa na mkufunzi wetu wa skii (zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) na viatu vya magurudumu, mkazi wa Nairobi West aliyewahi kufundisha watoto kuskii huko Tirol, Austria.

*Mwalimu, pokea salamu kutoka Luthuli Avenue. Nina duka la spika, na kila ninapokwenda Dubai kuchukua mzigo natenga jioni moja ya kuskii pale Ski Dubai, kwenye mteremko wa theluji ulio ndani ya jengo. Hapa nyumbani Jumapili huwa navaa viatu vya magurudumu na vijana wenzangu mjini. Shida zangu ni mbili. Mapaja yanawaka moto baada ya dakika chache. Halafu kona ya kushoto naipiga vizuri, lakini ya kulia skii zinakataa kabisa, nakwenda moja kwa moja hadi kwenye wavu. Januari tunaenda Austria wiki nzima na marafiki. Nifanye nini kabla ya hapo?*
Kijana wa Luthuli

Ndugu yangu, shida zako mbili zina mzizi mmoja: unauegemea mlima. Mteremko ukifunguka mbele yako, mwili wenyewe unarudi nyuma kutafuta usalama. Uzito unahamia visiginoni na ncha za skii zinabaki bila mzigo. Sasa, kona huanzia mbele, kwenye ncha. Skii isiyokanyagwa mbele haina cha kushika, kwa hiyo inakwenda inakotaka yenyewe. Na wewe huku nyuma umebebwa na mapaja peke yake, kama mtu aliyekaa kwenye stuli ambayo haipo. Ukienda gym mwaka mzima, moto huo utachelewa dakika mbili tatu tu kisha utarudi.

Utajuaje kwamba uzito wako uko mbele? Uliza ugoko wako. Unapoteremka, ugoko uwe unaugandamiza ulimi wa buti wakati wote, mguu wa kulia na wa kushoto. Mara tu unapohisi misuli ya nyuma ya mguu ikiegemea buti, umesharudi. Mikono nayo iwe mahali unapoiona bila kuitafuta, maana mkono ukibaki nyuma bega linaufuata, na kiuno kinafuata bega.

Lakini kabla ya kulaumu mwili wako, kagua mabuti uliyokodishwa. Hili nalisisitiza kuliko yote kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wakihangaika na kosa lisilo lao. Buti la skii hubana, na anayelivaa mara ya kwanza huomba namba kubwa zaidi. Akipewa, kisigino kinaelea ndani, akisukuma ugoko mbele buti halimjibu, basi anakaa nyuma. Mabuti haya hupimwa kwa sentimita za urefu wa unyayo. Pima unyayo wako nyumbani ukiwa umesimama. Ukipata sentimita 27, anza na 27, usitaje namba ya kiatu chako cha mjini. Ukisimama wima vidole viguse mbele. Ukikunja magoti virudi nyuma kidogo, na kisigino kisiinuke. Vaa soksi moja nyembamba ndefu. Soksi mbili hukunjana na kuziba damu, na miguu inapata baridi zaidi.

Tuje kwenye kona yako ya kulia. Ukigeuka kulia, mguu wa nje ni wa kushoto, na mguu wa nje ndio unaobeba mzigo. Wewe unauamini mguu wako wa kulia, ndiyo maana kona ya kushoto inatoka vizuri. Ikifika zamu ya mguu wa kushoto unabaki umesimama juu ya ule unaouamini, ambao sasa uko ndani ya kona, na skii haiwezi kugeuka hivyo. Fanya jaribio hili kwenye mteremko mpole: ukiwa katikati ya kona ya kulia, inua kidogo mkia wa skii ya kulia, ncha ikibaki kwenye theluji. Kama hauinuki, uzito uko mguu usiotakiwa. Ukishaweza, ongeza mkono wa kushoto uteremke kuelekea upande wa nje wa goti la kushoto. Mwili utainama pale unapotakiwa bila kufikiria sana.

Zoezi la pili watu hulidharau, nami nalipenda kuliko yote. Simama ukiwa umeukata mteremko, skii zote mbili zikitazama pembeni. Legeza kingo za chuma za pembeni mwa skii mpaka uanze kuteremka kiupande upande, kisha ziingize kwenye theluji usimame. Legeza, simama. Legeza, simama. Baada ya nusu saa mwili unajua kwamba breki iko chini ya nyayo na unaweza kuiita wakati wowote. Hofu ikipungua, mgongo unaacha kurudi nyuma wenyewe. Mteremko mrefu zaidi pale Ski Dubai ni mita 400 tu, ambazo huisha haraka ukizishuka kwa kasi. Jioni yako ijayo usihesabu umeshuka mara ngapi. Nenda sehemu ya wanaoanza ufanye haya mawili.

Kuhusu kasi: usikaze miguu. Maliza kona. Acha skii ziendelee kugeuka mpaka zitazame pembeni na juu kidogo, mwendo utakufa wenyewe, halafu uanze kona nyingine. Wengi huikatisha kona njiani kwa woga, na hapo ndipo kasi inapoongezeka.

Jumapili zako za magurudumu zina faida kubwa. Panga vikombe vya plastiki kwenye mteremko mdogo wa maegesho, nafasi ya hatua nne hivi, upite katikati yake bila kusukuma kwa miguu; geuka kwa kuubonyeza mguu wa nje tu. Vaa helmeti na kinga za viganja. Na mara moja kwa wiki panda Ngong Hills kwa ajili ya kushuka. Shuka polepole, magoti yakiwa juu ya vidole, bila kukimbia. Katika skii paja hufanya kazi likiwa linarefuka, na kushuka mlima kunalifundisha hivyohivyo.

Ukifika Austria, asubuhi tatu za mwanzo mpe mwalimu wa kikundi. Waaustria wana mazoea ya zamani ya kufundisha kwa hatua: mkufunzi Hannes Schneider alianzisha shule yake St. Anton, eneo la Arlberg, mwaka 1921, akimtoa mwanafunzi kwenye kabari, yaani ncha za skii zikikaribiana na mikia ikiachana, hadi skii sambamba. Marafiki zako watakuita kwenye njia nyekundu, za ugumu wa kati, siku ya pili. Baki kwenye za bluu, zilizo rahisi, mpaka uweze kuinua ule mkia wa kulia kila kona ya kulia. Na saa tisa alasiri miguu ikichoka, panda kigari cha kamba ushuke nacho. Wengi huumia kwenye mteremko ule wa mwisho wa siku.

*Mwalimu, Mlima Kenya una barafu na tunauona kwa macho asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Kwa nini tugharamike kwenda mbali?*
Mwanafunzi, Kasarani

Barafu ile ni mabaki ya barafu ya zamani. Ile ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, imeyeyuka sana katika miaka mia iliyopita. Tuko kwenye ikweta, hatuna msimu wa baridi wa kulundika theluji miezi mitatu. Ikianguka usiku, jua la asubuhi linaichukua, na chini yake ni mawe na barafu ngumu. Kuskii kunataka theluji nene iliyosawazishwa na mashine usiku, na watu wa uokoaji karibu. Panda Lenana, mita 4,985, kwa ajili ya Lenana yenyewe. Ukitaka kujifunza kusimama juu ya ukingo wa chuma, kuna uwanja wa barafu pale Panari, Barabara ya Mombasa.

*Mwalimu, sisi ni familia ya wanne. Binti yetu ana miaka 13, kaka yake 9, na hawajawahi kuona theluji. Baba yao anataka Uswisi wakati wa Krismasi kwa sababu ndiko alikosikia. Mimi naogopa gharama, na naogopa pia tufike huko watoto walie baridi siku ya kwanza. Tuanzie wapi?*
Mama wa Lang'ata

Mama, fungua kalenda ya shule kwanza. Watoto wetu hufunga Agosti, na Agosti ni majira ya baridi kusini mwa Afrika. Kwa hiyo naomba umwambie baba yao aifikirie Lesotho kwa mara hii ya kwanza. Pale Afriski, kwenye milima ya Maluti, msimu huanza karibu Juni na kuishia Agosti. Kituo kiko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, theluji nyingi hutengenezwa na mashine usiku wa baridi kavu, na mchana jua huwaka. Mteremko mkuu una urefu wa kilomita moja hivi. Kwa mzoefu ni mdogo. Kwa watoto wanaoanza ni zaidi ya wanachohitaji, kwa sababu mtoto anayeanza hutumia siku nzima kwenye mita mia moja, na hana watu wazima wanaompita kwa kasi.

Safari yenyewe: ndege hadi Johannesburg ni takriban saa nne, kisha barabara kama saa tano kupitia Clarens na mpaka wa Caledonspoort. Gari la kukodi lazima liwe na barua ya kampuni inayoliruhusu kuvuka mpaka. Baada ya Butha-Buthe kuna mlima wa Moteng, kona kali na barafu barabarani asubuhi, kwa hiyo panga kuupita mchana na gari lenye nguvu magurudumu yote manne. Tangu Januari 2023 Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara za hadi siku 90 kwa mwaka, lakini cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinatakiwa, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Masharti ya kuingia Lesotho yaulizwe kabla ya kulipia tiketi. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama baba atabaki, barua yake ya ridhaa. Fedha, randi inapokelewa Lesotho.

Sisi wa Nairobi tumezoea mita 1,700 hivi, jambo linalosaidia kidogo, lakini usiku wa kwanza kule juu kichwa kinaweza kuuma. Siku ya kwanza watoto wacheze tu, wanywe maji, walale mapema. Mpe kila mtoto mwalimu, na usimfundishe wewe wala baba yake. Mtoto akiogopa akiwa na mzazi hulia. Akiwa na mwalimu na watoto wenzake hutazama wanavyofanya. Hilo nimeliona kila msimu nilipokuwa Tirol. Na kaka na dada wasiwekwe kikundi kimoja, maana wa miaka 9 atashika haraka kuliko wa 13 na dada ataumia moyo.

Jua ndilo wazazi wetu wanalosahau. Theluji hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayochoma, na huko juu hewa ni nyepesi. Ngozi yetu nyeusi inaungua, na macho yanaungua zaidi. Wapake mafuta ya kujikinga jua hadi chini ya kidevu na puani, na miwani ya theluji isitoke usoni.

Kama baba bado anataka milima ya Alps ya Ulaya Desemba, basi msiende Krismasi yenyewe. Wiki ile na ya Mwaka Mpya ndizo ghali kuliko zote. Shule zetu zikiwa zimefungwa, wiki ya pili ya Desemba bei ni nafuu, ila theluji ya mabondeni huwa haijatulia, kwa hiyo tafuta kijiji kilicho juu: Obergurgl ya Austria iko mita 1,930, Val Thorens ya Ufaransa mita 2,300. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi sita kabla, na isipungue siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na kwa binti yako, euro 45 kwa mdogo, jumla euro 315, na hairudishwi mkikataliwa. Bima ya chini inayotakiwa ni euro 30,000, lakini soma maandishi madogo: bima nyingi za viza hazigusi skii. Ongeza ya michezo ya theluji inayolipia kuteremshwa kutoka mlimani na helikopta. Mkichagua Italia, bima ya kumlipa mtu mtakayemgonga ni lazima kisheria tangu 2022, na helmeti sasa ni lazima kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Na binti akisema skii si ya Wakenya, mwonyeshe Sabrina Simader. Alizaliwa Kenya, akalelewa Austria, na mwaka 2018 aliteremka milima ya PyeongChang, Korea Kusini, katika Olimpiki akiwa na bendera yetu.

*Mwalimu, mimi ni wa boda, stage iko karibu na Soko la Toi. Nimenunua jaketi mbili za mitumba ambazo ndani kiunoni zina mkanda wa kufunga na vifungo, na mkono wa kushoto zina mfuko mdogo wa zipu. Mteja aliniambia ni za skii. Ni kweli? Binamu yangu amepata kazi ya hoteli Lesotho, nataka kumpa moja.*
Mtu wa boda, Kibera

Ni za skii, kaka, na binamu yako atakushukuru. Ule mkanda wa kiunoni huzuia theluji kuingia mgongoni mtu akianguka. Mfuko wa mkononi ni wa pasi ya lifti inayopandisha watu mlimani. Mashine ya getini huisoma ikiwa bado mfukoni, mtu hahitaji kuvua glavu.

Kabla ya kumpa, igeuze ndani nje. Utaona utepe mwembamba uliobandikwa juu ya mishono. Ukibanduka, maji yataingia hapo hata kama kitambaa ni kizima. Mwagia begani maji kidogo: yakisimama kama matone, bado iko sawa, yakinywewa, kuna dawa ya kupulizia inayoweza kuifufua. Zipu zijaribiwe zote, maana kwenye baridi kali jaketi lisilofungika ni mzigo tu. Usilifue kwa sabuni ya kulainisha nguo.

Mitumba yetu inatosha kwa jaketi, suruali, kofia ya sufu na nguo za ndani. Ndani kabisa avae sufu au poliesta, hata jezi ya mpira inafaa. Pamba hapana, inanyonya jasho na kubaki na unyevu mwilini. Helmeti ya mitumba simshauri mtu yeyote kuinunua. Ikishagongwa mara moja kazi yake imekwisha, na ufa unaweza kuwa ndani ambako huuoni. Glavu anunue mpya.

*Mwanangu mwalimu, nina miaka 57, nilistaafu uuguzi mwaka jana. Binti yangu anaishi Munich na anataka niende Februari tukaskii pamoja. Magoti yangu si mabaya ila yanalalamika ngazini. Nimechelewa?*
Mama wa Ngong

Mama, hujachelewa, lakini ningependa uanze na skii tofauti na anazowaza binti yako. Kuna skii za nchi tambarare, nyembamba na nyepesi, ambazo kisigino kiko huru na kiatu ni laini. Unatembea kwa kuteleza kwenye mifereji miwili iliyochongwa na mashine. Goti halikunjwi kwa nguvu, halizungushwi, na kasi unaitawala wewe. Pumzi ndiyo inayofanya kazi, na kwa mtu wa Ngong pumzi ipo.

Huu ndio mchezo aliouchagua Philip Boit, mkimbiaji wetu wa mbio za kati. Alianza kuujifunza Finland mwaka 1996 akiwa mtu mzima, na 1998 akashiriki kilomita 10 huko Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki za majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie. Nawasimulia hili wanafunzi wangu wote wanaonijia wakiwa na umri mkubwa.

Kutoka Munich kuna treni ya moja kwa moja inayopita Garmisch na Mittenwald hadi Seefeld, Tirol, mahali palipofanyika mashindano ya mchezo huu katika Olimpiki za 1964 na 1976. Njia zake nyingi ni tambarare. Februari shule za Ulaya hufungwa kwa zamu na vyumba hujaa, lakini ninyi mnaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Epukeni Jumamosi.

Mwambie binti akukatie somo la saa mbili la mtindo wa klasiki, ule wa kwenye mifereji, na dukani muombe skii zenye ngozi fupi chini, hazihitaji kupakwa nta na hazirudi nyuma kwenye kilima. Ukipenda, siku nyingine ujaribu zile za mteremko kwenye sehemu ya wanaoanza. Hapo fundi atakuuliza uzito wako ili aseti vifungo vinavyoachia buti ukianguka. Mtajie uzito wa kweli kabisa, hata binti akiwa amesimama kando, kwa sababu kifungo kilichokazwa kwa namba isiyo yako ndicho kinachovunja goti. Ukianguka, kaa ulivyoanguka mpaka uache kuteleza, ndipo uinuke. Na wiki sita kabla ya safari, panda na kushuka ngazi za nyumbani kila asubuhi ukishika reli, polepole. Goti likivimba baada ya zoezi, pumzika siku mbili na umwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla ya kulipa tiketi.